Enrico Cecchetti, Mwalimu wa Wachezaji

Enrico Cecchetti alizaliwa katika mji wa Roma tarehe 21 Juni 1850. Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu Papa Pio wa Tisa arudi Roma, baada ya kukimbilia Gaeta wakati wa fujo. Jina la mtoto huyo hutamkwa Cheketi. Hakuzaliwa nyumbani kwao wala hospitalini. Alizaliwa katika chumba cha kuvalia nguo za michezo, ndani ya jumba kubwa lililoitwa Tordinona, kando ya mto Tiber. Baba yake, Cesare, na mama yake, Serafina, wote wawili walikuwa wachezaji wa baleti, na jumba lile lilikuwa mahali pao pa kazi.

Inafaa kwanza kujua baleti ni kitu gani. Watoto wa Kalemie, Moba na Kongolo hujua kucheza ngoma tangu utoto. Mtoto hufundishwa na macho yake: huwatazama wakubwa siku za sikukuu, halafu siku moja huingia mstarini. Baleti ni mchezo wa namna nyingine. Ni hadithi nzima inayosimuliwa bila neno hata moja. Mchezaji hasemi wala haimbi. Mbele yake, chini kidogo, wamekaa wapiga fidla na tarumbeta, na nyuma yao kuna mamia ya watu waliolipa fedha ili watazame. Yeye hueleza furaha, hasira au kifo kwa mikono, miguu na uso tu. Lazima ageuze nyayo zake nje, kila moja upande wake. Lazima aruke juu sana, kisha ashuke bila kishindo, kama paka. Wanawake husimama juu ya ncha za vidole vya miguu. Hakuna mtu anayezaliwa akiyajua mambo hayo. Hata aliye hodari kuliko wote hana budi kujifunza miaka mingi, tena kila siku.

Mchezo huo ulianza katika nyumba za wakuu wa Italia, ukakua Ufaransa. Mfalme Louis wa Kumi na Nne, aliyekuwa mwenyewe mchezaji hodari, aliweka chuo cha kucheza mwaka 1661. Ndiyo maana mpaka leo majina ya hatua za baleti ni ya Kifaransa po pote duniani, hata katika shule za Urusi na Japani. Mwanafunzi wa Kongo aliyejifunza Kifaransa kidogo angeelewa nusu ya maneno ya mwalimu wa baleti siku ya kwanza. Kuifanya kazi yenyewe ni jambo jingine.

Wazazi wa Enrico walisafiri mji hata mji kutafuta kazi, na watoto wao walisafiri pamoja nao. Alikuwa bado mdogo sana alipotolewa mbele ya watu mara ya kwanza. Mwaka 1857, alipokuwa na miaka saba, wote walivuka bahari kwenda Marekani pamoja na kundi la Bwana Domenico Ronzani, wakacheza katika mji wa Philadelphia. Mwaka ule ule mabenki mengi ya Marekani yalianguka na kazi zikasimama. Haukuwa wakati mzuri wa kuuza tiketi za michezo. Basi familia ikarudi Italia.

Cesare aliona kwamba mwanawe ana kipaji, lakini pia alijua kwamba kipaji bila mwalimu ni kama shamba lisilolimwa. Akampeleka Firenze kwa Giovanni Lepri. Lepri naye alikuwa amefundishwa na Carlo Blasis, mwalimu mkuu wa shule ya Scala huko Milano, ambaye mwaka 1820 aliandika kitabu cha kueleza namna ya kusimama, kuruka na kuzunguka. Lakini kitabu peke yake hakitoshi. Hatua ya kucheza haishikiki katika karatasi kama hesabu. Inakaa katika mwili wa mtu, na mtu akifa kabla ya kumpa mwingine, hatua hiyo inazikwa pamoja naye. Waluba wa zamani walilijua jambo hilo. Watu wa chama chao cha Mbudye walitunza habari za wafalme, na kazi yao ilikuwa kucheza na kufundisha pamoja. Wakubwa waliwapa wadogo, basi habari hazikupotea. Ndivyo ilivyokuwa pia Italia. Blasis alimpa Lepri, Lepri akampa Cecchetti.

Kijana huyo alikuwa mfupi, mwenye mwili mnene kidogo, wala si mzuri wa sura kama wachezaji wengine. Lakini miguu yake ilikuwa na nguvu na wepesi wa ajabu. Mwaka 1870 alicheza katika jumba la Scala, ambalo kwa Mwitalia ye yote wa kazi hiyo ni kama kilele cha mlima. Baada ya hapo alizunguka Ulaya miaka mingi. Mwaka 1878 alimwoa Giuseppina de Maria, mchezaji pia, nao wakaishi na kusafiri pamoja maisha yao yote. Walizaa wana, na mmoja wao, Grazioso, baadaye alikuwa mwalimu wa baleti kama baba yake.

Mchezo mmoja wa miaka ile uliitwa Excelsior. Ulitungwa na Luigi Manzotti, ukaonyeshwa Milano mara ya kwanza mwaka 1881. Ulisimulia vita ya Nuru na Giza. Ndani yake watu waliona meli ya moshi, simu ya upepo wa umeme, mfereji wa Suez, na wachimbaji wa Italia na Ufaransa wakikutana katikati ya mlima walioutoboa. Mamia ya watu walicheza kwa pamoja. Cecchetti aliucheza mchezo huo London mwaka 1885, mwaka ule ule Mapadri Weupe walipopokea kituo cha Mpala kando ya ziwa Tanganyika.

Mwaka 1887 alifika Saint Petersburg, mji mkuu wa Urusi wakati ule. Urusi ilikuwa na Kaisari, naye Kaisari aligharimia baleti kwa fedha za serikali. Hakuna nchi iliyoupenda mchezo huo kuliko Urusi. Lakini siku hizo wanaume walikuwa wamerudi nyuma katika kazi yao. Watu walikuja kumtazama mwanamke, na mwanamume alikuwa kama mpagazi tu: alimwinua bibi, akamshika asianguke, akasimama pembeni. Hapo akatokea Mwitalia huyu mfupi, akaruka na kuzunguka namna ambayo Warusi walikuwa hawajaiona kwa mwanamume. Kabla ya mwaka kwisha walimwandika katika baleti ya Kaisari, na mwaka 1888 wakampa kazi ya kumsaidia Marius Petipa, Mfaransa aliyeitunga michezo mingi ya huko.

Januari 1890 Petipa alionyesha mchezo mpya, Binti Mfalme Aliyelala, kwa muziki wa Tchaikovsky. Hadithi yake inaanza katika karamu ya ubatizo. Mfalme amewaalika mabibi wote wenye nguvu za ajabu, amemsahau mmoja tu, bibi kizee Carabosse. Huyo anakuja kwa hasira na kumlaani mtoto. Cecchetti alikuwa Carabosse. Alivaa nguo za kikongwe, akapinda mgongo, akatetemesha mikono, na watu wakaogopa kweli. Kisha, usiku ule ule, karibu na mwisho wa mchezo, alitokea tena na mavazi mengine: sasa alikuwa Ndege wa Buluu. Ngoma ya ndege huyo ni ngumu mno. Mchezaji hukaa hewani huku akipiga miguu yake mmoja juu ya mwingine, upesi kama mabawa, na hana nafasi ya kuvuta pumzi. Wachezaji wengi hujivunia kuweza moja tu ya kazi hizo mbili. Yeye alizifanya zote kwa usiku mmoja, na alikuwa karibu kutimiza miaka arobaini.

Umri huo si mkubwa kwa mkulima au kwa mvuvi wa ziwani. Mtu wa miaka arobaini huvuta wavu vizuri kuliko kijana. Lakini kwa anayeruka, miaka arobaini ni jioni. Magoti huanza kuuma, mgongo hukakamaa, na watu waliopiga makofi jana hutafuta kijana mpya wa kumshangilia. Wachezaji wengi walifikia hapo wakawa maskini au walevi, kwa kuwa hawakujua kazi nyingine. Cecchetti aliona mapema kwamba kazi yake ingekuwa na sehemu ya pili, na mwaka 1892 alianza kufundisha katika shule ya Kaisari.

Alikuwa mwalimu mkali. Alitembea darasani na fimbo yake, akipiga nayo sakafu kuhesabu, na mara nyingine aliipeleka kwenye mguu uliokaa vibaya. Wanafunzi walijifunza kukwepa pia, jambo ambalo halimo katika kitabu cho chote cha baleti. Hakutaka sana mpiga kinanda. Alipiga mwenyewe mluzi, akibuni nyimbo kadiri somo lilivyoendelea. Hasira yake ilikuwa kama mvua ya Oktoba: ilinyesha kwa kishindo, kisha jua likatoka, na aliyelia alicheka.

Lakini ukali si ufundi, na walimu wakali walikuwa wengi. Ufundi wake ulikuwa mpango. Wakati ule walimu wengi walifundisha yaliyowajia kichwani asubuhi ile. Wakipenda kuruka, waliwarusha wanafunzi juma zima. Mguu wa kulia ukapata nguvu, wa kushoto ukasahauliwa. Cecchetti aligawanya kazi yote ya mwili katika siku sita. Jumatatu ina hatua zake, Jumanne zake, hata Jumamosi. Siku moja ni ya miruko ya kutupa mguu, siku nyingine ni ya kuzungusha mguu, siku nyingine ya kupigisha miguu hewani. Kila asubuhi somo huanza kwa kushika mti mrefu uliofungwa ukutani, na kukunja magoti polepole, kabla ya mtu ye yote kuruhusiwa kuruka. Juma moja huanzia upande wa kulia, juma linalofuata upande wa kushoto. Hivyo juma likiisha hakuna mshipa uliosahauliwa, na hakuna uliochoshwa kupita kiasi. Mpango huo waonekana rahisi, kama ratiba ya shule iliyobandikwa ukutani. Hata hivyo ulifanya kazi kubwa.

Mwaka 1893 bibi mmoja wa Italia, Pierina Legnani, aliwashangaza watu wa Petersburg kwa kuzunguka mara 32 juu ya ncha ya mguu mmoja bila kupumzika na bila kuondoka mahali pake. Warusi walidhani ni uchawi wa Waitalia. Mathilde Kschessinska, mchezaji mkubwa wa kwao, hakutaka kubaki nyuma. Alikwenda kwa Cecchetti, akaanza tena kama mtoto wa shule ingawa alikuwa na sifa tayari, akajitaabisha mpaka akazipata zile mara 32, Mrusi wa kwanza kuziweza. Inahitaji moyo kwa mtu mwenye sifa kukubali kwamba hajui.

Mwanafunzi mwingine alikuwa Anna Pavlova. Huyo alikuwa mwembamba, mwepesi kama unyoya, na mwili wake haukuwa na nguvu ya kutosha. Mwalimu mjinga angemlazimisha afanane na akina Legnani, na pengine angemvunja. Cecchetti alitafuta penye udhaifu, akapaimarisha polepole, wala hakugusa ule wepesi aliopewa na Mungu. Baadaye Pavlova alizunguka dunia, tangu Marekani hata India na Australia, akicheza ngoma fupi ya ndege bata-maji anayekufa. Watu ambao hawajapata kuona baleti kabla yake waliijua kwa sababu yake. Alipokuwa tayari na jina kubwa, alirudi kwa mwalimu wake kujifunza zaidi.

Kutoka mwaka 1902 hata 1905 Cecchetti alifundisha Warszawa, mji wa Poland uliokuwa chini ya Kaisari wa Urusi, kisha akarudi Petersburg akafungua shule yake mwenyewe. Mwaka 1910 alijiunga na kundi la Sergei Diaghilev. Kundi hilo la Warusi lilicheza Paris, London na Roma, na Ulaya yote ilizungumza juu yake. Ndani yake alikuwamo Vaslav Nijinsky, kijana ambaye wengi walimhesabu kuwa mchezaji wa kwanza duniani. Watu walisema kwamba akiruka hukaa hewani kabla ya kushuka. Usiku walimtupia maua. Asubuhi, Nijinsky huyo huyo alisimama pamoja na wenzake mbele ya mzee mwenye fimbo, akakunja magoti yake kwa hesabu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mzee mwenyewe hakuacha kabisa kuonekana mbele ya watu. Hakuruka tena, lakini uso na mikono yake bado vilikuwa na nguvu. Mwaka 1911, katika mchezo wa Petrushka, alikuwa mchawi wa sokoni mwenye sanamu zinazocheza. Mwaka 1917, huko Roma, alicheza mzee tajiri wa kuchekesha, na Giuseppina akacheza pamoja naye. Ilikuwa katikati ya ile vita kuu iliyofika hata ziwa Tanganyika, ambako Waingereza walileta manowari zao mbili ndogo, Mimi na Toutou, mpaka Lukuga karibu na Kalemie. Mwaka huo huo Kaisari wa Urusi aliondolewa. Kundi la Diaghilev lilibaki Ulaya ya magharibi, bila nchi ya kurudia.

Vita ilipokwisha mwaka 1918 Cecchetti alikaa London pamoja na mkewe, wakafungua shule. Waingereza hawakuwa na baleti yao wenyewe wakati ule, waliwalipa wageni. Miongoni mwa wanafunzi wake wa London walikuwamo Ninette de Valois na Marie Rambert. De Valois alianzisha mwaka 1931 kundi ambalo leo ni Baleti ya Kifalme ya Uingereza, na Rambert aliunda kundi jingine lenye jina lake.

Huko London alikutana pia na Cyril Beaumont, muuza vitabu aliyependa baleti kuliko chakula. Beaumont aliona hatari. Mpango wote wa siku sita, na mazoezi mengi aliyoyatunga Cecchetti, yalikuwa katika kichwa cha mzee wa miaka sabini. Basi Beaumont akakaa pamoja naye na pamoja na Stanislas Idzikowsky, mchezaji wa Poland, wakaandika. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Hatua inayochukua kitambo cha kupepesa jicho huhitaji nusu ukurasa: kichwa kitazame wapi, mkono uwe juu kiasi gani, uzito uwe mguu upi. Kitabu kilitoka mwaka 1922, na mwaka huo huo wanafunzi na rafiki zake waliunda chama cha kutunza mafundisho yake.

Mwaka huo wa 1922 ulianza na jambo jingine. Diaghilev alikuwa akionyesha London ule mchezo wa Binti Mfalme Aliyelala. Tarehe 5 Januari, kuadhimisha miaka hamsini ya kazi yake, Cecchetti aliombwa kuwa Carabosse tena. Alikuwa na miaka 71. Miaka 32 ilikuwa imepita tangu usiku ule wa Petersburg. Sasa hakuhitaji kujifanya mzee. Ndege wa Buluu alichezwa na mwingine.

Angeweza kupumzika. Mwaka 1923 alirudi Italia kwa sababu ya afya na umri, lakini kupumzika kulimshinda. Arturo Toscanini, mwongozi mkubwa wa muziki, alimwita Milano kuisimamia shule ya Scala, ile ile ya Blasis, mwalimu wa mwalimu wake. Hapo mzee alifundisha watoto wa Milano mpango ule aliowafundisha watoto wa Petersburg, akipiga mluzi na kuhesabu kwa fimbo.

Siku ya Jumatatu, tarehe 12 Novemba 1928, alikuwa darasani kama kawaida. Katikati ya somo aliishiwa nguvu akaanguka. Wakamchukua nyumbani, na kesho yake akafa, akiwa na miaka 78. Mwanafunzi wake Cia Fornaroli alishika mahali pake katika shule ya Scala, na watoto wakarudi kwenye mti wa ukutani.